Mche wa Sabuni Uliokonda

Haya wajukuu, nijibuni kwanza hili ndipo tuendelee: vazi lake lile lile, bei yake ile ile, lakini kila nikimvua namkuta kakonda. Nani huyo? Msimwaze mgonjwa. Ni mche wa sabuni, na huu ninaowasimulia nusura uvunje uchumba wa watu.

Dobi alikuwa kainamia beseni, mgongo unawaka moto, Mama Mapacha alipoingia uani bila hata hodi.

—Sabuni yangu iliyobaki iko wapi?

—Imeisha, dada. Na mashuka mawili bado sijayagusa.

Wateja wa Dobi walileta nguo pamoja na mche wa sabuni, naye akiwarudishia kipande kilichobaki. Miaka sita Mama Mapacha alipata kipande cha kuoshea vyombo wiki nzima.

—Wiki ya tatu hii naambiwa imeisha. Kwani unaitafuna?

—Haki ya Mungu, sijachukua hata povu.

—Nipe nguo zangu. Na wenzangu kule ghorofani nitawaambia wajichunge.

Kufika adhuhuri, wateja wengine watatu walikuwa wamechukua nguo zao, mbichi hivyo hivyo. Dobi akakalia ndoo. Hata kulia aliona uvivu. Akamwandikia mchumba wake, Fundi, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha sabuni:

"Wananiita mwizi wa sabuni."

Jibu lilichelewa: "Pole mpenzi. Watasahau."

Akampigia.

—Mkeo mtarajiwa anaitwa mwizi, nawe huna hata hasira?

—Nimechoka, mpenzi. Watu wana midomo, achana nao.

Hapo moyo wa Dobi ukashtuka. Mtu huyu, akikanyagwa mguu tu, hununa siku mbili! Akaingia ndani, akatoa mche wake wa zamani aliousahau kabatini, akauweka kando ya mpya. Urefu mmoja, karatasi moja. Akaugeuza ule mpya: chini umebonyea kama kijiko. Na pale kiwandani mchonga kalibu za kumwagia sabuni ni mmoja tu: Fundi.

Saa kumi Fundi akaja, macho mekundu, vumbi la chuma kwenye nywele.

—Kaa. Shika huu. Sasa shika na huu. Ulijua?

Fundi akatazama viatu vyake.

—Mafuta ya kupikia sabuni yamepanda, mpenzi. Bosi kasema tukipandisha bei watu watahamia sabuni nyingine, lakini mche ukipungua kidogo hakuna atakayeona.

—Sikukuuliza ya bosi. Ulijua?

—Walisema bila hivyo watatupunguza sisi...

—Wiki tatu unakula kwangu! Nalalamika sabuni haifiki mwisho wa nguo, unanijibu, "Labda unapaka sana." Labda napaka sana! Ulijua, hukujua?

Fundi akaiweka chini ile miche miwili.

—Basi mwambie shangazi yako Jumamosi asilete mahari. Siolewi na mtu wa kuulizwa mara tatu.

Fundi akaondoka. Dobi hakumzuia, alikuwa hana nguvu hata ya kufunga mlango.

Asubuhi yake simu ikalia. Mama Mapacha.

—Njoo umtoe mtu wako mlangoni kwangu. Anasema ana neno, ila halisemi mpaka uje.

Dobi akapanda ngazi za ghorofa nne, akipumzika kila kona. Juu akamkuta Fundi na sare yake ya kazi, kazungukwa na wateja wote waliomkimbia Dobi, mikono viunoni.

—Haya, huyo kafika, akasema Mama Mapacha. Tema tusikie, nimeacha chai jikoni.

Fundi akamgeukia Dobi.

—Niulize tena.

Dobi akamsogelea, akanong'ona:

—Una wazimu? Mume wa yule mwenye kitenge ni msimamizi wenu. Ukisema hapa, kazi imeota mbawa.

—Namfahamu. Niulize.

—Nimechoka kuuliza, mwenzangu.

—Mara hii tu.

Dobi akaegemea ukuta alioegemea Fundi, bega likagusana na bega, akashusha pumzi.

—Ulijua?

—Nilijua, akasema Fundi, kwa sauti ya kufika hadi ngazi ya chini. Kalibu niliichonga mimi, kwa mikono hii. Aliyewapunguzia sabuni ni mimi, siyo yeye.