Siku Werema Alipopumzishwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Werema aliwachotea ndama maji, naye dada yake Mogesi aliwatoa kupe masikioni. Mambo yalikwenda hivyo nyumbani kwao Nyambureti mpaka baba yao, Waitara, alipoahidi kwamba yule anayewatunza ndama kweli atapewa ndama jike mwekundu.

"Ni mimi!" alisema Werema. Hakuwa mvivu, ila mdomo wake ulikuwa mkubwa kuliko ndoo yake. "Mogesi ananifuatafuata tu."

Mogesi alikasirika. Alikuwa ameshampa ndama yule jina moyoni.

Shangazi yao Agustina, aliyekuja likizo, alicheka. Yeye ni mtafiti, huchunguza chembe hai za ng'ombe maabarani.

"Kila chembe ina maelfu ya jeni," aliwaeleza. "Jeni ni maelekezo ya kazi, na hupeleka ujumbe uitwao RNA. Nikitaka kujua kazi ya jeni moja, natia kwenye chembe vipande vidogo vya RNA vinavyofanya ujumbe huo uharibiwe. Jeni inabaki, ila imenyamazishwa. Kisha natazama nini kimekwama."

"Basi kesho tumnyamazishe Werema," alisema baba. "Asiguse kazi."

Kesho yake hakuna kilichokwama. Ndama walikuwa wameshiba maji, wametulia.

"Kumbe wewe huna kazi hapa!" baba alimwambia Werema. Machozi yakamlengalenga.

Sasa ndama alikuwa wa Mogesi. Angeweza kunyamaza tu. Lakini alimtazama kaka yake, roho ikamuuma.

"Baba, maji nilichota mimi alfajiri," alisema. "Niliwahurumia ndama."

"Hata maabarani hutokea!" alisema shangazi. "Jeni moja ikinyamazishwa, nyingine inaweza kushika kazi yake. Ukiwa na haraka utasema ile ya kwanza haina faida. Hapo tunazinyamazisha zote mbili."

Asubuhi iliyofuata walipumzishwa wote. Jua lilipopanda, ndama walilia kwa kiu, na masikio yao yalikuwa na kupe.

"Nimeona," alisema baba. "Ndama mwekundu ni wenu wote wawili."

"Nisamehe, dada," alisema Werema.

Shangazi aliwashika mabega. "Werema, usidharau kazi ya mwenzako kwa kuwa huioni. Nawe Mogesi umesema ukweli ambao ungekunyima ndama. Mtafiti anayeficha jibu lisilompendeza hatufai. Wewe unatufaa."

Baba akawapa ndoo. "Haya, jaribio limekwisha. Ndama bado wana kiu."