Mvumo wa Asali

Jua lilikuwa linaaga wakati Fundi Koili alipoingia kwenye ukumbi wa zamani wa dansi, mkononi begi la bisibisi, kifuani jambo zito kuliko begi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Ofisi ya Urithi ilimtaka asikilize amplifaya mbili kuukuu, za zile zinazotumia taa za kioo, aseme ipi ipande jukwaani kesho kwenye kumbukumbu ya marehemu Kidole, mpiga gita aliyefia humohumo ukumbini, gita likiwa kifuani.

Afisa Urithi alimpokea kwa bashasha ya mtu ambaye kikao chake kimetimiza akidi.

"Ya kijivu tumeiazima, Fundi. Hii ya kahawia ndiyo ya marehemu. Tangu msiba haijaguswa."

Fundi aliizunguka ile ya kahawia. Nyuma, juu ya kila skrubu, palikuwa na lakiri nyekundu.

"Nitahitaji kuifungua kidogo," alisema, kama mtu anayeomba maji ya kunywa.

"Haifunguliwi. Ni mali ya urithi. Kibali kinatoka makao makuu, na mwenye muhuri yuko likizo."

"Mara moja tu, bwana."

"Fundi, hata mama yangu mzazi angenasa humo ndani, angesubiri muhuri."

Fundi akacheka. Meno tu.

Humo ndani ndimo kilimokuwa kifo cha Kidole. Marehemu aliuchukia mvumo, ule unaotoka kwenye spika kabla gita halijalia. Siku ya onyesho alimbembeleza Fundi: "Ndugu yangu, niondolee huu uchuro." Fundi akaukata waya wa ethi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Mvumo ukafa. Jioni hiyohiyo Kidole akashika nyuzi, akasogeza midomo kwenye maiki, na umeme uliokosa ardhi ukapita kwake. Ukumbi mzima ulinuka nywele zilizoungua.

Watu wakasema ni mpiga besi wa bendi yake. Kamloga mwenzake kwa wivu. Mpiga besi alihama mji akisindikizwa na mawe, na Fundi, ambaye neno lake moja lingemwokoa, akawa bubu wa hiari. Mchawi hana chama cha wafanyakazi cha kumtetea.

"Baba mdogo, shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa binti wa marehemu, gita la babake begani. Kesho ndiye atakayepiga.

Walianza na ya kijivu. Wanamuziki huiita Kengele: sauti safi, baridi, kila noti imesimama peke yake kama shati lililopigwa pasi. Uipandishe utakavyo, haikasiriki, inazidi tu kuwa kubwa. Ya kahawia huitwa Asali. Hiyo ni nzito, ina joto, na ukiibana kidogo inapasuka, kama sauti ya mtu anayejizuia kulia.

"Kengele hiyohiyo," Fundi akasema haraka. "Asali imezeeka. Taa zake zimechoka."

"Hata hujaisikia!" Binti akacheka. "Unamzika mgonjwa kwa kuangalia kitanda?"

Akaiwasha. Taa zikaiva polepole, nyekundu. Vumbi likaungua juu yake. Kisha...

Mmmmm...

Fundi akaganda. Asali haivumi. Mvumo ule aliuua yeye, kwa mkono wake.

Binti akapiga. Sauti ikajaa ukumbini kama uji moto kwenye tumbo tupu, na Afisa akasahau simu iliyokuwa ikilia mfukoni mwake. Kisha Binti akasogeza midomo kwenye maiki.

Sema, Fundi.

Hakusema.

Midomo ikagusa chuma... na hapakutokea kitu. Binti aliimba ubeti mzima. Fundi alibaki na jasho lake, na jambo moja ambalo sasa alilijua kuhusu nafsi yake: alikuwa tayari kumwacha.

"Mbona inavuma hivi?" Binti aliuliza. "Mama anasema siku ile ilikuwa kimya kabisa."

Fundi akapiga magoti nyuma ya Asali, akamulika tochi kwenye matundu ya hewa. Waya alioukata ulikuwa umeungwa. Haukulehemiwa. Umefungwa kwa uzi wa gita, mizunguko imebanana, mkia umekunjiwa ndani, kama Kidole alivyofunga nyuzi zake maisha yake yote.

Lakiri zilikuwa nzima. Zote.

Harufu ya nywele zilizoungua ikapita karibu na pua yake.

Binti aliinama kando yake. "Huo waya ulikatwa," akanong'ona. "Nani aliukata?"

Ulimi wa Fundi haukuhitaji kutafuta njia. Ilishakanyagwa na wengi.

"Mpiga besi."

Mvumo ukakatika.

Kimya. Kimya kilekile cha siku ile.

Kwenye mwanga wa tochi, uzi ulikuwa unajifungua. Polepole... mzunguko baada ya mzunguko... kana kwamba kuna vidole.

"Afadhali, imetulia," Binti akasema, akirudi kwenye maiki, mkono ukizifuata nyuzi.

Fundi aliurukia ukuta, akachomoa plagi. Akageuka.

Taa za Asali zilikuwa bado nyekundu. Zinazidi.

"Usiguse!"

"Nini tena, baba mdogo?" Midomo yake ilikuwa imebakiza upana wa unywele.

"Ni mimi! Mimi ndiye niliyeukata! Si mpiga besi, hakuna aliyelogwa, ni mimi!"

Binti akasimama palepale. Afisa aliitazama plagi mkononi mwa Fundi, akaitazama Asali, akairudia plagi. Kanuni za ofisi hazikuwa na kifungu cha jambo hilo.

Mmmmm...

Mvumo ulianzia chini kabisa, ukapanda.

Binti akaliweka gita sakafuni taratibu. Akapiga magoti mbele ya spika ya Asali, akalaza sikio kwenye kitambaa kinachoifunika, akakaa hivyo kitambo, kama mtoto anayenong'onezwa. Alipoinua uso haukuwa na machozi, wala hasira ambayo Fundi angeweza kuiomba radhi.

"Rudia, baba mdogo," alisema kwa sauti ya chini. "Baba anasema hajasikia vizuri."