Kipande cha Mia Tano

Jua lilikuwa limeanza kuzama nyuma ya maghala wakati mzee mmoja, mjalidi vitabu, alipoingia katika duka la vifaa vya ofisi kununua karatasi za kufyonza wino. Aliinua vidole sita. Mwenye duka, waliyefahamiana miaka mingi, alimtania kwamba siku hizi wino unaishi ndani ya mashine na haumwagiki, sasa karatasi hizo anataka kumfyonza nani?

Mjalidi hakujibu. Mwenye duka akamtazama mdomo.

"Maliza kutafuna kwanza, mzee wangu. Mimi sina haraka."

Mjalidi alidhani anachekwa kwa ajili ya ufizi wake. Ulikuwa mwaka wa nne sasa hana jino hata moja, juu wala chini. Alilipa, akakwapua karatasi zake, akatoka.

Njia nzima hakuwaza kitu. Ndivyo alivyokuwa tangu amzike mkewe, wiki tano zilizopita. Watu walimpa pole, akazipokea kama mtu anayempokelea jirani yake barua. Hakulia. Aliwahi kusubiri kilio mara mbili tatu, kama unavyosubiri chafya, kisha kikapotea.

Nyumbani alimkuta shemeji yake, dada wa marehemu, jikoni akifunga vyombo kwenye magazeti. Meza ya sebuleni ilikuwa mali ya mama yao, na asubuhi wapagazi wangekuja kuichukua. Mjalidi hakupinga. Shida ni kwamba juu ya meza hiyo ililala picha ya kuunga, ya vipande mia tano vya kadibodi, ambayo mkewe hakuimaliza. Ilikuwa picha ya nyumba nyeupe yenye mlango wa kijani. Mkewe alikuwa amemwambia, tena si mara moja, "Hata iweje, usije ukaibomoa kabla haijakamilika." Naye alikuwa ameitikia.

Vilibaki vipande saba vya mlango. Sita vilikuwepo, lakini vilikuwa vimepinda.

Mjalidi alijua kwa nini. Marehemu alikuwa na tabia moja ambayo katika miaka thelathini na minane hakuiacha: akiwa anatafuta mahali pa kipande, alikibana kati ya meno. Kadibodi ikinyonya unyevu upande mmoja, upande huo hutanuka, ule mwingine hubaki kama ulivyo, kipande kikabinuka kama jani kavu. Mtu aliyejalidi vitabu maisha yake yote hawezi kutazama jambo hilo akanyamaza. Na jioni ile ya mwisho hakunyamaza.

"Toa kitu hicho mdomoni," alimwambia. "Unaviharibu."

Mkewe alifumba midomo, kama mtu aliyenuna. Mjalidi alikwenda kuosha brashi zake. Aliporudi, mkewe alikuwa amelaza kichwa mezani.

Midomo ilikuwa bado imefumbwa.

Baada ya mazishi alihesabu vipande. Mia nne tisini na tisa. Alihesabu tena. Hakumwambia mtu.

Dawa ya kipande kilichopinda si ngumu. Unakilowesha mgongo kidogo kwa brashi, unakilaza kati ya karatasi mbili za kufyonza, unakitia kwenye kibanio cha chuma, unakaza skrubu, unasubiri siku mbili. Alifanya hivyo mara tatu. Mara zote tatu vipande vilitoka vimenyooka, akavipanga mezani, akaenda kunawa gundi mikononi.

Kila aliporudi vilikuwa vimepinda.

Vimelowa. Tena vina joto.

Alihamisha meza mbali na ukuta wenye unyevu. Alifunga dirisha. Aliweka bakuli la chumvi kando ya picha ili inyonye unyevu wa chumba. Akapaka migongo ya vipande vanishi nyembamba, ambayo maji hayaipenyi. Vikapinda vilevile. Safari ya tatu aliviinua kwenye taa, akaona alama ndogo ndogo kwenye kingo. Alama za meno madogo, yaliyopangana vizuri, na katikati pengo moja. Mkewe alipoteza jino la juu, upande wa kushoto, akiwa msichana, akifungua chupa.

Alikuwa amevilowesha mgongo tena, akavirudisha kwenye kibanio. Hiyo ilikuwa juzi.

Sasa siku mbili zilikuwa zimetimia. Alifungua skrubu polepole. Krii... krii... Jikoni magazeti yaliacha kuchakarika.

Vipande sita vilikuwa vimenyooka, vikavu. Hakwenda kunawa. Alivipachika palepale, kimoja kimoja, kila kimoja kikiingia kwa mlio mdogo. Mlango wa kijani ukakamilika, isipokuwa tundu moja kwenye kitasa.

Chumba kilianza kunuka udongo uliolowa.

"Shemeji," sauti ilisema nyuma yake.

Shemeji yake alikuwa amesimama mlangoni, gazeti mkononi. Hakuwa akitazama meza.

"Shemeji, una nini mdomoni?"

Mjalidi alitikisa kichwa. Alitaka kusema hana kitu. Ulimi haukupata nafasi ya kugeuka.

Shemeji alisogea karibu, akanong'ona kama anayesema na mtoto mwenye homa.

"Toa kitu hicho mdomoni."

Mjalidi alifumba midomo. Hakukusudia. Ilijifumba yenyewe, kwa nguvu ambayo hakuijua, na kwa kitambo kirefu alisikia pumzi yake tu puani. Kisha akaingiza vidole viwili, akavuta.

Kilikuwa kipande cha kitasa. Kimelowa, kimebinuka kama jani. Kwenye mkunjo wake palikuwa na chembe za udongo mwekundu.

Shemeji aliketi.

"Hicho nilikiona," alisema. "Tulipomwosha. Taya lilikataa kufunguka. Nikaona rangi ya kijani kwenye lile pengo lake, nikamfunga kitambaa, nikanyamaza. Nilisema moyoni, mwache aende nacho."

Mjalidi alimsikia. Alifuta udongo kwa kidole gumba, akalowesha mgongo wa kipande kwa brashi, akakilaza kati ya karatasi mbili mpya, akakaza skrubu.

"Meza itabaki siku mbili," alisema.

Shemeji alikubali haraka. Alichukua mkoba wake, akaviacha vyombo jikoni, akatoka bila kufunga mlango. Nyayo zake zilisikika uani, kisha barabarani, zikikimbia.

Mjalidi alikaa mbele ya picha. Aliona heri shemeji aondoke, maana tangu alipotamka neno lile kuhusu meza, alikuwa amehisi jambo kinywani ambalo hakutaka kulieleza mbele yake. Alipitisha ulimi juu ya ufizi wake, taratibu, kutoka kulia.

Jino.

La pili. La tatu. Madogo, yamepangana vizuri.

Ulimi ukafika upande wa kushoto, ukazama kwenye pengo.

Alisubiri kushtuka. Alisubiri sana, mikono juu ya meza, mpaka chumba kizima kikawa giza. Kisha akanyoosha mkono, akachomoa kipande kimoja cha mlango, akakibana kati ya meno, akaanza kutafuta mahali pake.