Filimbi ya Saa Kumi

Cheka ukitaka. Hata mimi nilicheka, mpaka jana.

Rafiki yangu Manjit hutengeneza fremu mjini. Mwezi uliopita alienda kuchukua picha za kutia fremu kwa Nyawira, mchoraji, kwenye kilima kile cha juu ya Kinoo. Wakati wa Emajensi ya wakoloni watu walifungiwa huko, wamezungushiwa handaki, na kila saa kumi jioni walipigiwa filimbi waitwe majina. Siku hizi wasanii wamepakodi.

"Ziko kwa stoo, jichukulie tu," Nyawira alimwambia. Stoo hiyo zamani hizo ilikuwa kituo cha askari. Haina hata dirisha. Manjit alipoingia, mlango ulijifunga. Akasukuma, wapi!

Gizani akasikia filimbi nje, miguu mingi ikijipanga, kisha sauti za wanawake, mmoja mmoja: "Niko." "Niko." Halafu kimya kirefu, kama wanamngoja mtu. Kwa woga Manjit akasema, "Niko."

Mlango ukafunguka. Nyawira alikuwa peke yake uani, anaosha brashi.

"Ulikuwa unamjibu nani?"

Jana Manjit alinipigia simu akiwa kando ya barabara Upper Hill, honi kila upande. Saa kumi kamili nikasikia filimbi. Manjit akakatiza stori.

"Niko," akasema.

Honi zote zikanyamaza, nikasikia mlango ukijifunga.