Anayemvutia Chiriku Pumzi

Mjomba mtu, aliyekuwa kwenye kinanda, ndiye aliyesikia kwanza. Mpiga kinanda anayemsindikiza mwimbaji haanzi kwa ishara ya mkono. Huanza pale mwimbaji anapovuta pumzi. Alasiri ile, katika chumba cha mazoezi cha chuo, pumzi ikavutwa, naye akaanza kupiga. Alipoinua macho, mpwa wake alikuwa bado anatafuna jojo.

Pumzi ilikuwa imetoka nyuma ya kinanda, kwenye ukuta mtupu.

Mpwa huyo walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukupumzika ila wakati wa kazi. Alipewa sauti nzuri bure, akaitunza kama kitu cha bure. Mwalimu alimwambia alale chali na kitabu tumboni ajifunze kuvuta pumzi; yeye akaangua kicheko. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; huyu alitaka cha mvunguni kimfuate kitandani.

"Mimi nilale sakafuni kwa ajili ya pumzi?" alimwambia mjomba siku iliyotangulia. "Anayezitaka anivutie yeye!"

Kauli ya kijinga, na chumba kile kilikuwa na msikilizaji.

Tangu hapo Chiriku aliimba wimbo mzima bila kukatisha. Mwalimu, ambaye masikio yake yalisikia sifa zake tu, akajipigapiga kifua: "Mnaona mafunzo yangu?" Kifua cha Chiriku hakikuinuka hata kidogo, lakini hilo hakuliona. Mjomba aliliona. Kukanukia mshumaa uliozimwa, na nyuma ya kinanda akasikia kifua kipana kikivuta na kushusha, kwa utulivu wa mtu aliyeshika kitu chake. Akainua mikono ghafla. Pumzi ile ikakoma, na Chiriku akashika koo, macho yamemtoka, mpaka mjomba alipozirudia noti.

Mazoezi yalipokwisha, pumzi za Chiriku zilimrudia kwa taabu.

"Nani yule?" mjomba alinong'ona.

"Ananisaidia. Sema polepole, atakusikia."

"Kila nikiacha, unachelewa zaidi kurudi. Siku moja hutarudi, mwanangu."

Chiriku aliutazama ukuta. "Basi usiache."

Mjomba akamwendea dada yake. "Dada, ahirisha onyesho la Chiriku. Mtoto ameingiwa na pepo."

"Niahirishe, na wageni wote niliowaalika? Na gauni nimeshashonesha?" Mama mtu alimtazama kama anavyotazama vumbi mezani. "Sema una wivu, kaka. Hukuwahi kupigiwa makofi peke yako."

Sikio la kufa halisikii dawa. Mjomba akakubali kusindikiza, kwa sababu moja tu: mpiga kinanda mwingine angeacha.

Jioni ya onyesho ukumbi ulijaa jamaa waliokuja kuonekana na wakuu wa chuo waliokuja kusinzia. Chiriku aliimba nyimbo zote mfululizo, na kati ya wimbo na wimbo mjomba hakuinua mkono, akiunganisha mwisho wa huu na mwanzo wa ule, jasho likimchuruzika hadi kwenye noti, huku kile kifua nyuma ya kinanda kikivuta kwa nguvu zaidi na zaidi, hata vumbi la jukwaani likawa linatambaa kuelekea ukutani, na watu mia mbili wenye masikio mazima hawakusikia kitu ila uzuri.

Wimbo wa mwisho ukaisha. Makofi yakalipuka, wakasimama. Chiriku akabaki kinywa wazi, macho yamemganda mjomba, nayo yalikuwa yanaomba. Mjomba akaendelea kupiga. Alipiga alichokijua, kisha alichokisahau, kisha chochote, makofi yakapungua, viti vikaanza kusogezwa, na mtu akasema kwa sauti kwamba huyu mzee anataka kumwibia mtoto sifa.

Mama mtu akapanda jukwaani, akiwatabasamia wageni.

"Kaka, inatosha," alisema huku amebana meno. "Unatuaibisha. Watu wana njaa."

"Dada, nakuomba. Nikiacha anakufa. Mtazame."

Hakumtazama. Alikuwa anawatazama wageni. Akakishika kifuniko cha kinanda, na mjomba akaondoa vidole kabla havijabanwa, kama ambavyo mkono wowote ungefanya.

Nyuma ya kinanda, mtu akashusha pumzi ndefu ya aliyemaliza kazi. Chiriku akaanguka palepale na gauni lake jipya, na ukumbi, ukidhani anainama kuwashukuru, ukapiga makofi tena.