Karte Isiyo ya Kapita

Kila asubuhi kabla ya shule, Yolande alimpa mbwa wake Kapita mabaki ya bugali nyuma ya nyumba yao mtaani Nyalukemba, kisha akamfunga kamba. Jumamosi moja alimpeleka kambini pamoja na maskauti wenzake, kwenye hifadhi ya msitu iliyo ukingoni mwa ziwa.

Mlinzi wa lango alikataa mbwa asiye na karte, yaani kadi ya chanjo. Kapita hakuwahi kuchanjwa. Yolande alitoa karte aliyoazima kwa jirani yao Bruno, ambaye mbwa wake alikuwa na rangi kama ya Kapita. Mlinzi aliisoma, akafungua.

Mchana, skauti mwenzake Joviale alimchokoza Kapita kwa kipande cha samaki. Alikinyoosha, akakirudisha. Mara ya tatu mbwa aliruka, na meno yakampata Joviale kidoleni. Damu ikatoka.

"Acha kulia, weye! Utaamusha samaki yote ya ziwa," skauti mwingine, Glody, alimcheka, akitoa mfukoni jiwe jeusi la nyanya yake. "Hii inanyonya sumu. Ikianguka yenyewe, umepona."

Jiwe likang'ang'ania kidonda. Joviale alipangusa machozi. "Na tena mbwa iko na karte. Mimi siogope."

Yolande alikaa, akasimama. Aliingia hemani, akatoka. Akisema, atarudishwa nyumbani kwa aibu, na Kapita atafukuzwa. Asiposema, na Kapita akiwa na kichaa cha mbwa? Ugonjwa huo ukishaanza, hauna dawa. Alijaribu kumenya viazi, akajikata.

Jiwe likaanguka. Watoto wakapiga makofi. Yolande alitupa kisu, akakimbia ufukweni kwa kiongozi wao, Maman Domitille.

"Maman, Kapita imemuluma Joviale! Na ile karte haiko yake. Ni ya mbwa ya Bruno."

Maman Domitille hakugomba. Aliosha kidonda cha Joviale kwa sabuni na maji ya kumiminika, robo saa nzima, kisha akaita pikipiki.

"Lakini jiwe imeanguka, Maman!" Glody alisema.

"Jiwe inakamata kwenye damu, inaanguka ikishiba. Kichaa ya mbwa haiisikie. Tunaenda hospitali sasa hivi."

Kapita alifungwa siku kumi, daktari wa mifugo akimchunguza. Kila saa Yolande alimchungulia: amekula? amekunywa? Siku ya kumi alionekana mzima, akachanjwa.

Joviale alipomaliza sindano zake, alimsukuma Yolande bega. "Mara ingine uniambie mbele, ndiyo nijue mbwa gani ya kuchokoza!"

Walicheka wote. Kisha Maman Domitille akamgeukia Yolande.

"Yolande, ulifikiri unadanganya mulinzi peke yake. Kumbe Joviale naye aliamini ile karte, akaweka maisha yake juu yake. Ukikosea, sema saa ile ile, hata miguu ikitetemeka. Siku ile miguu yako ilitetemeka, niliona. Lakini ulikimbia nayo."