Faili Kutoka Kompyuta Iliyokufa

Saa saba mchana, fundi wa kompyuta aliona seva ya mbali ikipokea faili kutoka kompyuta ya mama mjane wa ghorofa ya pili. Kompyuta hiyo ilikuwa imeungua juzi. Mabaki yake yalikuwa chini ya meza ya fundi, hayana hata waya.

Jasho likamtoka. Mwezi uliopita yule mama alimwomba anakili kila kitu kwenye seva, hasa folda ya sauti za marehemu mumewe. Folda ilikuwa nzito, mtandao unajikokota, naye ana haraka zake, akairuka, akanakili barua na picha, kisha akasema, "Tayari, mama. Kila kitu kipo." Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani.

Sasa folda ile ile ilikuwa ikijaa yenyewe, na karakana ikinuka udongo mbichi. Akafungua faili moja. Mwanamume akakohoa, kisha akanong'ona, "Fundi, usiseme kitu. Mimi nitakusitiri."

Angezima pale pale. Lakini aibu ilizidi hofu, akampelekea mama sauti zile kwenye kompyuta yake mpya. Mama alilia kwa furaha.

"Mungu akubariki, mwanangu!"

Baraka hiyo ilimchoma kuliko tusi. Siku tatu hakulala vizuri, wala chakula hakikupita.

Siku ya nne alikwenda kumjulia hali. Mlango ulikuwa wazi, harufu ya udongo imejaa hadi kwenye ngazi, na mle ndani mama alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, amekonda, midomo imekauka, anauliza kwa sauti ya chini, "Umekula, mume wangu?" na kompyuta, ambayo haikuwa na faili lolote lililofunguliwa, ikamjibu, "Bado. Nakusubiri wewe uje."

Fundi akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Nilikudanganya. Sauti za baba sikuzinakili, ziliungua zote. Huyo si baba. Sijui ni nani."

Mama akamtazama kwa huruma.

"Ulinidanganya siku ile, mwanangu. Leo nitajuaje kama hunidanganyi?"

"Mke wangu," ikaita ile sauti, "mtoe nje tubaki wawili."

Mama akamshika mkono taratibu, akamtoa. Fundi akasikia ufunguo ukizungushwa kwa ndani.